Zima Injini, Sema Mulembe

Kila siku akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Adero alipitia kwanza uani kwa baba yake. Walikaa Mafubira, kaskazini kidogo ya mji wa Jinja, na baba yake, Mzee Odero, alikuwa fundi wa pikipiki. Uani palijaa magurudumu, minyororo na makopo ya oili chafu. Adero alijua kila spana na kazi yake, na baba hakuhitaji kuomba mara mbili. Pikipiki ikishapona, Mzee Odero alimwachia binti yake aijaribu katika kiwanja cha mpira kilichokuwa nyuma ya nyumba. Wavulana wa mtaa walimwita Dereva, wengine kwa heshima, wengine kwa wivu, naye alipokea yote mawili bila kubagua.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, wanajeshi walipokuwa wakiitawala Uganda. Watoto wa siku zile walifundishwa mapema kufunga midomo mbele ya wageni, na kuingia ndani Land Rover ya jeshi ilipopita. Chumvi, sabuni na sukari vilikuwa adimu. Lakini Adero alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hofu ya wakubwa ilimpita pembeni. Wazazi wake walikuwa wametoka Kenya kufuata kazi, na nyumbani walizungumza Kijaluo na Kiswahili. Hata akijikwaa, Kiswahili ndicho kilichomtoka kwanza.

Likizo ya mwezi wa Mei ilipofika, alitumwa kwa Shangazi Beldina, dada ya baba yake, ambaye alikuwa amejifungua na alihitaji mtu wa kumsaidia. Shangazi aliolewa na mtu wa kabila la Wagisu, Bwana Alfayo, mlinzi wa msitu wa serikali. Nyumba yao ilikuwa mlimani juu ya mji wa Mbale, pale migomba na mibuni inapoishia na msitu unapoanza. Chini ya upenu ilisimama pikipiki ndogo ya kijani ambayo Alfayo alipewa kwa kazi yake. Adero aliiona kabla hajamwona mtoto mchanga, na shangazi yake alimcheka kwa hilo.

Alfayo alikuwa mtu wa polepole, mwenye sauti ya chini. Siku moja isiyo na mvua alimpakia Adero nyuma, wakapanda msituni.

"Anko, mbona unakwenda kama konokono?" Adero aliuliza.

"Kwa sababu nimo nyumbani kwa watu," Alfayo alijibu. "Wengi wanasema msitu wa serikali hauna mwenyewe. Una wenyewe wengi, mwanangu, ndiyo maana una adabu nyingi. Unaiona njia hii? Gurudumu halitoki nje yake. Pembeni kuna machipukizi ya mianzi, na chipukizi likishakanyagwa halisimami tena."

Walivuka kijito penye mawe, taratibu, maana watu wa chini walichota maji yao ya kunywa hapo hapo. Mbele kidogo Alfayo alimwonyesha korongo refu kando ya njia, lenye kingo za udongo mwekundu.

"Hili lilianza kama alama ya gurudumu," alisema. "Lori la mbao lilipita hapa wakati wa mvua, miaka ya nyuma. Mvua ikafuata ile alama, ikachimba, ikachimba. Ndiyo maana ardhi ikilowa, pikipiki yangu inalala nyumbani, nami natembea kwa miguu."

Karibu na kona kubwa, Alfayo alizima injini. Pikipiki ikateleza kimya, ikasimama. Aliweka mikono mdomoni akaita, "Mulembe!"

Kutoka upande wa pili wa kona sauti za wanawake zikajibu, "Mulembe!"

Adero alicheka. "Anko, sisi Jinja tunapiga honi tu."

"Honi hata wao wanayo," Alfayo alisema. Hakueleza hao wao ni akina nani. "Mulembe maana yake ni amani. Watu wa hapa wakisikia injini imezimwa kwenye kona, kisha wakasikia neno hilo, wanajua ni mimi. Mwenye miguu ana haki ya njia kuliko mwenye gurudumu. Usimpite mtu kabla hajakuona na kukujua. Hiyo ndiyo sheria yangu ya kwanza."

Upande wa pili walikuwa wanawake wakikata maleewa, yale machipukizi ya mianzi ambayo Wagisu huyakausha kwa moshi na kuyapika kwa karanga. Alfayo aliwaruhusu kukata kiasi. Miongoni mwao alikuwa bibi mmoja mwembamba, Nabalayo, ambaye kijiji kizima kilimwita Kukhu, yaani bibi. Alikuwa na mjukuu wake, Topista, msichana wa miaka minane hivi. Kukhu alimtazama Adero kwa upole.

"Mulembe," alimwambia.

"Hujambo, mama!" Adero alijibu kwa sauti ya juu, kama walivyozoea Mafubira.

Tabasamu la Kukhu likafifia. Akamvuta Topista karibu na sketi yake, akaendelea kukata maleewa bila neno.

Jioni Adero alimlalamikia shangazi yake kwamba yule bibi ana maringo. Beldina aliacha kumenya ndizi.

"Hana maringo. Mwanawe Yekosofati, baba yake Topista, alichukuliwa na watu wa Land Rover mwaka juzi. Hajarudi, na hakuna wa kumuuliza. Watu hao walizungumza Kiswahili. Wewe kwako ni lugha ya mama, lakini huku juu watu wengi wanaijua kwa sauti ya bunduki. Mimi mwenyewe ilinichukua muda kuzoeleka. Kwa hiyo jifunze lile neno moja, Adero. Si zito."

Adero aliitikia, lakini kichwani alikuwa akifikiria ile pikipiki.

Wiki iliyofuata Alfayo alishikwa na malaria. Alilala akitetemeka chini ya mablanketi mawili. Shangazi Beldina alimfunga mtoto mgongoni, akashuka mjini kutafuta dawa. Kabla ya kuondoka alimpa Adero kifurushi cha chumvi.

"Kukhu Nabalayo yuko juu kwenye maleewa. Hana chumvi tangu wiki iliyopita. Mpelekee, halafu urudi umwangalie anko wako. Uende kwa miguu, njia imelowa."

Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na sasa palikuwa na ukungu. Adero alisimama chini ya upenu akiitazama pikipiki. Kwa miguu ni mbali, aliwaza, na mgonjwa atabaki peke yake muda mrefu. Kwa pikipiki nitakwenda na kurudi mara moja. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtu akitaka kufanya kosa, sababu nzuri hazikosi.

Kwa ajili ya baridi alivaa koti la mvua la Alfayo, la kaki, lililomfika magotini. Aliisukuma pikipiki kimya hadi mbali na nyumba ndipo akaiwasha. Ajabu ni kwamba kunyamaza alikujua, alipokuwa na lake.

Njia ilikuwa tope tupu. Pale ilipozidi, Adero alichepuka kupitia kwenye mianzi, akasikia machipukizi yakivunjika chini ya magurudumu. Moyo wake ulishtuka kidogo, lakini mkono haukupunguza mafuta. Alipoikaribia kona kubwa alikumbuka sheria. Lakini hapo palikuwa na mwinuko. Akizima injini kwenye tope lile, huenda isingewaka tena. Basi hakuizima, wala hakuita.

Alipotokea upande wa pili alisikia kilio. Vitambaa vya rangi vilikuwa vikipotea katikati ya mianzi, huku na huku. Vikapu vilianguka, maleewa yakatawanyika matopeni.

"Simameni!" Adero aliita. "Msikimbie!"

Wakazidi kukimbia. Aliuona mgongo mwembamba wa Kukhu, wa mwisho kabisa, akamwita kwa sauti yake yote: "Mama, usiogope! Usiogope!"

Yule bibi hakugeuka. Aliingia mianzini upande wa korongo, na ukungu ukamfunika.

Adero aliita tena, hakujibiwa. Alikaa juu ya pikipiki akisikiliza injini peke yake. Mwisho aliiweka chumvi ndani ya kikapu kimoja, akageuza. Watarudi, alijiambia. Wataiona chumvi, watajua ni mimi. Alirudi nyumbani, akaosha magurudumu, akalitundika koti mahali pake. Alfayo alikuwa bado amelala. Shangazi aliporudi na dawa akamuuliza kama chumvi imefika, Adero alisema imefika. Maneno hayo yalikuwa ya kweli, lakini aliyasema akiangalia pembeni.

Alasiri mvua ilianza upya. Ndipo jirani yao, Orpah, alipoingia uani akimvuta Topista mkono. Orpah aliuza maleewa Namatala, mjini Mbale, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alizungumza nacho na Beldina kwa sababu Kigisu cha Beldina kilimchekesha. Siku hiyo hakucheka.

"Beldina, askari wamepanda," alisema. "Sisi nasikia injini, inakuja tu, haizimi kwa kona. Mimi nageuka, naona koti ya kaki. Anaita, simama, simama."

"Wangapi?"

"Nani atahesabu? Sisi tunakimbia. Sasa wote wamerudi, Kukhu hapana. Kukhu hapana, Beldina."

Topista hakulia. Alisimama amelowa, akiwa ameshika kisu kidogo cha kukatia maleewa, na hakuna aliyeweza kukitoa mkononi mwake.

Habari ilizunguka kijiji. Wanaume walikusanyika uani kwa Alfayo, lakini walipoulizwa nani atapanda kumtafuta bibi, kila mmoja alitazama miguu yake. Wana wao walikuwa wadogo. Askari wako juu. Walikwisha kuona yaliyompata Yekosofati. Wanawake walianza kukunja mikeka wakalale kwenye mibuni, mbali na nyumba zao. Mvua ilikuwa ikinyesha juu ya yote hayo, na juu ya Kukhu pia, popote alipokuwa.

Adero alisimama nyuma ya mlango. Angenyamaza tu, kosa lingekuwa la askari. Nani angewauliza? Lakini aliona kwamba uongo ule, ambao hata hakuusema kwa mdomo, ndio uliowafunga watu wote miguu.

Ndipo Alfayo alipotoka chumbani, ameshika ukuta, jasho likimtiririka.

"Nitapanda mimi," alisema. "Wananijua, nina kazi ya serikali. Nitawaomba wanipe huyo mama tu."

"Watakuua," Beldina alisema, akamshika shati. "Alfayo, una mtoto wa wiki tatu."

"Na Kukhu hana mtoto tena. Niachie."

"Anko, hakuna askari," Adero alisema.

Sauti yake ilikuwa ndogo, watu hawakuisikia. Akatoka nyuma ya mlango, akarudia.

"Hakuna askari. Ni mimi. Nilipanda na pikipiki. Nilivaa koti lako. Sikuzima kwenye kona."

Orpah aliweka mkono mdomoni. Beldina alimtazama mtoto wa kaka yake kana kwamba hamjui. Mwanamume mmoja alianza kumfokea, lakini Alfayo aliinua mkono. Hakumpiga Adero, hakumtukana.

"Ulimwona wapi mara ya mwisho?" aliuliza.

"Aliingia upande wa korongo."

Wanaume hawakungoja tena. Walichukua kamba na machela, wakapanda mbio kwenye mvua. Adero alitangulia kuwaonyesha, na Alfayo alifuata akiegemea fimbo, homa na yote. Walipofika waliita jina la Kukhu mara nyingi, bila jibu. Hofu ilikuwa bado imemziba mdomo. Alfayo alipofika ukingoni mwa korongo alipumua, akaita polepole, "Mulembe, Kukhu. Mulembe."

Kutoka chini, karibu na maji, sauti nyembamba sana ikajibu, "Mulembe."

Alikuwa ameteleza, nyonga imevunjika, na maji ya mvua yalikuwa yakipita chini ya mgongo wake tangu asubuhi. Walimbeba hadi barabarani, wakamfikisha hospitali mjini kabla giza halijaingia. Daktari alimtibu kwa alichokuwa nacho. Lakini baridi ilikuwa imemwingia kifuani, ikawa homa ya mapafu, na dawa zilikuwa chache mwaka ule.

Adero aliomba apelekwe kumwona. Alfayo, aliyekuwa amepata nafuu, alikwenda naye. Kukhu alilala kitandani, mdogo kama Topista. Adero alipiga magoti, akasema alikuja kuomba msamaha. Alfayo akatafsiri. Bibi alimwangalia, akasema maneno machache kwa Kigisu, akipumua kwa shida kati ya neno na neno.

Alfayo alifuta uso kwanza.

"Anasema, siku ile Yekosofati alipochukuliwa, yeye alilia mlangoni. Askari mmoja akamwambia, 'Mama, usiogope, anarudi sasa hivi.' Kiswahili anachokijua Kukhu ni hicho tu. Juzi alisikia injini, halafu sauti nyuma yake ikisema, 'Mama, usiogope.'"

Machozi yalimtoka Adero, akayaacha yatoke. Kukhu alisema neno jingine, polepole, na safari hii lilikuwa swali.

"Anauliza," Alfayo alisema, "kwa nini hukusema Mulembe?"

Adero alijua neno hilo. Alikuwa ameambiwa na watu wawili, na Kukhu mwenyewe alikuwa amelisema mbele yake. Ni neno fupi kuliko jina lake. Akainamisha kichwa juu ya shuka, akalisema hapo, kwa kuchelewa. Kukhu aliweka mkono juu ya nywele zake, akauacha hapo mpaka usingizi ulipomchukua.

Alifariki mwisho wa wiki. Walimzika karibu na nyumba yake, mahali ambapo mtu akisimama anaiona Mbale yote chini. Mzee Odero alikuja kutoka Jinja kwa mazishi. Alikwenda kwa kila mzee wa kijiji, akaomba radhi akiwa amevua kofia. Kisha akaketi na binti yake nyuma ya nyumba.

"Nina kosa pia," alimwambia. "Nilikufundisha kuwasha. Nilijivunia wewe mbele ya watu. Kuzima sikukufundisha."

"Baba, sitaki kupanda pikipiki tena."

Alfayo alikuwa amesimama karibu, na aliyasikia hayo. Akaja, akakaa nao.

"Usiseme hivyo, maana hapo utakuwa umejifunza kuogopa tu, na hofu tunayo ya kutosha nchi hii," alisema. "Sikia, Adero. Ukweli wako siku ile ulitutoa watu wote kifungoni. Bila huo, Kukhu angekufa peke yake korongoni, bila mkono wa mtu, nami labda ningekufa kwa homa nikiwatafuta askari ambao hawapo. Usisahau. Lakini ukweli ulikuja jioni, na Kukhu aliuhitaji asubuhi. Sheria za njia watu huzidharau kwa sababu zinaonekana ndogo. Kaa kwenye njia. Ngoja ardhi ikauke. Zima, salimia, mpishe mwenye miguu. Kila moja imewekwa kwa ajili ya mtu usiyemwona, aliye upande wa pili wa kona. Hujui amepitia nini. Kazi yako ni kumjulisha kwamba umekuja kwa amani, kabla hujamfikia."

Topista alibaki kwa Alfayo na Beldina, akawa mtoto wao. Alikula, alimbeba mtoto mchanga, alichota maji. Lakini kila injini iliposikika barabarani, alitupa alichoshika akakimbilia mibuni, na ilibidi Beldina amtafute. Adero hakuweza kuzoea kuona hivyo. Siku zake zilizobaki alizitumia kupanda mianzi pale alipokanyaga machipukizi, Alfayo akimwonyesha, na jioni alimfuata Orpah amfundishe Kigisu, neno kwa neno. Orpah alikuwa na hasira naye bado, lakini alimfundisha.

Siku ya mwisho ardhi ilikuwa imekauka. Alfayo alimpakia Adero, wakapanda kuitazama mianzi, wakashuka alasiri. Kabla ya nyumba kulikuwa na kona ndogo. Alfayo alizima injini, pikipiki ikateleza kimya, ikasimama. Hakuita. Aligeuka, akamtazama Adero.

Adero alishuka. Aliweka mikono mdomoni, akaita.

"Mulembe!"

Upande wa pili wa kona kitu kilianguka chini. Wakasikia miguu midogo ikikimbia kuelekea mibuni. Adero alishusha mikono, akataka kulia. Kisha miguu ile ikasimama. Alfayo hakugusa pikipiki.

"Mulembe," Topista alijibu.

Wakaisukuma pikipiki kwa mikono hadi nyumbani.